Kodiani ya Ogari

Jua lilikuwa linazama wakati Nyasani alichukua panga akaenda nyuma ya duka kukata majani ya ndizi. Yale makavu, yanayoning'inia kwa shina kama suruali ya mlevi. Hayo ndiyo ya kufungia vyombo vya muziki. Majani mabichi yanatoa maji, na maji yakishaingia kwa mbao ya gita, hiyo gita kwisha. Itakuwa kuni.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Kufunga.

Miaka hiyo hapa Kisii mjini kulikuwa na Mjaluo mmoja anaitwa Opondo, askari wa zamani. Alirudi kutoka vita ya Waingereza huko Bama na sikio moja bovu na mapenzi makubwa ya muziki. Alikuwa ananunua vyombo vikuukuu: gramafoni, gita, kodiani, chochote kinacholia. Anatengeneza, halafu anatuma kwa watu wa mbali. Leo Nakuru, kesho Kampala. Sanduku linapanda basi mpaka Kisumu, pale linaingia gari la moshi, na huko mbele Mungu anajua makuli wanalitupa namna gani. Kwa hivyo Nyasani alikuwa anafunga kama mtu anayefunga mtoto mgongoni. Gita, unalegeza nyuzi kwanza, shingo unaizungushia blanketi kuukuu. Gramafoni, ule mkono wa sindano unaufunga na kitambaa usipigepige. Sahani za muziki zinasimama wima, hazilali, na tambara kati yao. Majani kila pembe. Ukimaliza, unainua sanduku, unatikisa, unaweka sikio.

"Sanduku ikiongea, fungua tena," Opondo alikuwa anasema. "Sanduku ya kweli inanyamaza kama maiti."

Jioni hiyo kulikuwa na kodiani moja. Nyeusi, nzito, vifungo vyake vimekuwa vya njano kama meno ya mzee wa ugoro. Ilitoka Gesima. Ile mikunjo yake ya katikati, pale dukani walikuwa wanaiita mapafu, kwa sababu ukivuta inaingiza hewa, na ukibana inatoa. Ilitakiwa ipande basi jioni hiyohiyo, maana basi la Kisumu linaondoka kabla watu hawajaamka.

Nyasani aliporudi na mzigo wa majani, alikuta mama mmoja amesimama mlangoni mwa stoo.

"Bwairire, mama," alisalimia.

"Bwairire, mwanangu." Hakumwangalia. Alikuwa anaangalia kodiani pale mezani. "Mimi ni Orpah. Mke wa Ogari. Marehemu."

"Ah, ni wewe ulituuzia. Kama umebadilisha mawazo, ongea na Opondo. Mimi ni wa kufunga tu."

"Nimekuja kwa hiyo kufunga." Akasogea hatua moja. "Unafunga na nini?"

"Majani haya. Na matambara."

"Matambara ya nani?"

Nyasani akacheka. "Mama, tambara halina mwenyewe. Tunaombaomba kwa watu."

Orpah hakucheka. Alikuja karibu, akashusha sauti, kama vile mezani amelala mtu ambaye hataki kumwamsha.

"Weka majani peke yake. Usitie nguo ya mwanamke. Hata kipande. Ogari alikuwa na wivu mbaya. Akipata nguo ya mke wa mtu humo ndani, atafikiri ni mimi."

"Si ulisema ni marehemu?"

"Amekufa, ndiyo," Orpah alisema, kama mtu anayekwambia bwanake ameenda sokoni.

Halafu akaondoka. Alitembea upesi, na kufika kwenye kona hakugeuka.

Nyasani alitikisa kichwa, akawasha taa ya chemni. Wazee wa Gesima na mambo yao. Alitandika majani ndani ya sanduku, chini, akabana kila pembe, lakini katikati palibaki nafasi. Palihitaji kitu laini. Akaenda kwenye ile kona Jethro anaweka vitu vyake.

Huyu Jethro alikuwa fundi wa kujaribu. Mteja akitaka kusikia gita kabla hajanunua, Jethro anapiga. Walitahiriwa msimu mmoja na Nyasani, wakakaa pamoja mpaka wakapona, wakala sahani moja. Lakini Mungu alimpa Jethro vidole. Akianza kupiga, wasichana wanajaa mlangoni kama nzi. Na Jumapili moja huko Mosocho, Gesare, mke wa Nyasani, bibi mpya, hata mwaka hajamaliza, aliimba na hiyo gita. Aliimba huku amefumba macho. Nyasani hakuwahi kumwona amefumba macho namna hiyo kwa sababu yake.

Aliona kifurushi juu ya gita la Jethro. Akakifungua.

Kilikuwa kitambaa cha kichwa. Cha njano. Pembeni kina tundu dogo la pasi ya makaa, tundu alilochoma Nyasani mwenyewe siku alijaribu kumsaidia Gesare kupiga pasi.

Alikaa chini.

Alikinusa. Sabuni. Moshi wa jikoni kwake. Shingo ya mke wake. Hapa, kwa vitu vya Jethro, kimekunjwa vizuri kama zawadi.

Kifua kilimjaa kitu cha moto. Aliwaona. Aliona Gesare anafungua kitambaa kichwani, anacheka. Aliona vile vidole vya Jethro. Akisukuma picha hiyo inaenda, inarudi na nyingine.

Ndipo akakumbuka maneno ya yule mama.

Akaangalia kodiani. Akaangalia kitambaa.

"Haya, mzee Ogari," alisema polepole. "Wacha tuone."

Alitaka. Mtu asikudanganye kwamba alisahau ama aliona ni porojo. Alikichomeka kile kitambaa ndani kabisa ya mikunjo, akaibana kodiani kwa mikono miwili, akaiegemea na kifua. Hewa ikatoka...

Haaaaa...

Kawaida tu. Kila kodiani inatoa hivyo. Akavuta mkanda, akafunga. Akaiingiza sandukuni, majani juu, kifuniko, misumari. Alipiga misumari mingi kuliko inavyotakiwa. Kisha akainua sanduku, akatikisa, akaweka sikio.

Kimya. Kimya kizuri.

Halafu, mbali, chini ya majani, kama mtu amelala chumba cha pili...

Hhhh.

Nyasani aliruka nyuma. Stoo yote ilikuwa inanuka ugoro. Hapo dukani hakuna mtu wa ugoro. Opondo ni mtu wa chai, na Nyasani mwenyewe alizaliwa kwa Wasabato.

"Umemaliza?" Ilikuwa ni Opondo, na mkokoteni. "Leo umefunga haraka, omera, ndugu yangu. Unakimbilia bibi?"

"Sijui kama nitamkuta."

"Bibi mpya, usiku unaingia, na hujui kama utamkuta? Basi chukua baisikeli yangu, ukimbie kabisa." Opondo alicheka peke yake, akapakia sanduku, akalisukuma kwenda kwa basi. Magurudumu yakalia kokoto zote. Nyasani alisimama akisikiliza mpaka yakapotea.

Njia ya Mosocho ilikuwa na tope la mvua ya mchana. Alikanyaga baisikeli huku anapanga maneno. Atamuuliza: kitambaa chako kiko wapi? Aone atasema nini. Aone macho yake.

Kufika nyumbani, akakuta mlango wazi.

Anyiko, jirani yao, mke wa karani wa kahawa, alikuwa amepiga magoti chini na sahani mkononi. Alikuwa anapepea. Mbele yake alilala Gesare, miguu inakwaruza sakafu, mikono shingoni. Mdomo wazi. Macho yamejaa damu.

"Shemeji, umekawia," Anyiko alisema bila kugeuka. "Tulikuwa tunapika. Alikuwa ananichekesha, mzima kabisa. Taa ilipowashwa tu, akasema kuna mtu anamkalia kifuani. Halafu akafanya haaaaa... hewa yote ikatoka. Kurudi hairudi. Inarudi kidogo kama ya kuku."

Nyasani aliinama. Akakutana na harufu.

Ugoro.

"Gesare. Gesare, ni mimi."

Gesare alimshika mumewe mkono. Alisema neno mojamoja, na kila neno alilitafutia hewa.

"Kuna... mzee... anapiga... muziki." Akapumzika. "Ulipata... kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Ya njano. Ilizeeka. Jethro alipita... nikampa... akuletee. Si ulisema... mnatafuta... matambara."

Nyasani aliuachia ule mkono. Hata Anyiko alimwona uso umebadilika, akauliza, "Nini?"

Alikuwa ameshatoka, panga kiunoni.

Wanasema baisikeli ile haikuguswa breki kutoka Mosocho mpaka mjini. Mvua ilianza tena. Alianguka penye mteremko, akaamka, hakujua kama ameumia. Kila alipopumua kwa nguvu alikuwa anakumbuka: yeye anapata hewa. Yeye anapata. Huko nyumbani mtu anakufa kwa kukosa kitu ambacho kiko bure kila mahali.

Basi lilikuwa limesimama penye soko, giza, turubai limefungwa juu ya mizigo. Alipanda ngazi ya nyuma.

"Nani huko juu?" Sauti ya tanboi, mpakia mizigo wa basi, kutoka ndani, ya mtu aliyejifunika gunia.

"Nyasani wa Opondo. Nimesahau kitu ndani ya sanduku."

"Watu wengine wakisahau kitu wanangoja asubuhi."

"Lala, ndugu yangu."

Alikata kamba, akaingia chini ya turubai kwa magoti. Giza. Magunia ya wimbi, tenga la kuku, masanduku. Hakuhitaji tochi. Kuku wote walikuwa wamejibana upande mmoja wa tenga, upande wa mbali, na hakuna aliyelia. Akafuata upande wanaoukimbia.

Hhhh... haaa.

Hhhh... haaa.

Mbao zilikuwa na joto, kama ubavu wa ng'ombe.

Alichomeka panga chini ya kifuniko. Msumari haukutoka. Alivuta, akasukuma, akakanyaga. Misumari yake mwenyewe, mingi, mizuri, imeingia mpaka kichwa. Hajawahi kuichukia kazi yake namna hiyo. Ubao mmoja ukapasuka. Akaingiza mikono, akachana mkono wote mpaka kiwiko, akararua majani. Yalitoka yamelowa, ya moto, kama yaliyotoka kufunika viazi jikoni.

Akapata mkanda. Akaufungua.

Kodiani ilifunguka yenyewe. Polepole. Hakuna mkono. Ikatoa sauti moja ndefu, ya chini, sauti ya mtu mzima anayeanza kulia halafu anajizuia. Nyasani akaona pembe ya njano katikati ya mikunjo. Akaishika, akavuta.

Kitu kilikuwa kimeishika upande wa pili.

Alivuta tena. Kikavuta. Hakikuvuta kwa hasira. Kilivuta kama mzee anayeshika ng'ombe wake kamba, anayejua haki iko upande wake. Na sikioni, karibu kabisa, ikaja pumzi ya ugoro na maneno ya Kikisii cha zamani, taratibu...

"Huyu mwanamke ni wako?"

Nyasani alikaza mkono kwenye kitambaa.

"Nakuuliza, mura, kijana. Ni wako?"

Alimwona Gesare sakafuni. Lakini pia, wacha tuseme yote, alimwona Jethro. Hata pale, hata wakati huo.

"Ni wangu," alisema.

"Wa mtu mwingine hapana?"

"Wangu peke yangu."

Matone yalilia juu ya turubai. Halafu ile sauti, kama mtu anayetua mzigo aliobeba siku nyingi:

"Basi mshike wewe."

Kitambaa kikaachiliwa. Nyasani alianguka chali juu ya magunia, na kuku wakaanza kulia wote pamoja.

Kurudi nyumbani, alimkuta Gesare amekaa kitandani anakunywa uji, Anyiko anamkemea apulize kwanza. "Imeisha tu," Gesare alisema. "Ghafla. Kama mtu amefungua mlango." Alimwona mumewe alivyochubuka, akalia. Alimwosha mkono na maji ya chumvi. Nyasani alimwangalia usiku ule na aibu ilimkata maini. Alijiambia hatamshuku tena. Alisema kweli, wakati alipokuwa anasema.

Alfajiri, kabla basi halijaondoka, tanboi alimwita Opondo; akafoka kwa sababu ya ubao uliovunjika, akafunga kodiani mwenyewe upya, ikaenda zake. Huko ilikoenda haikuwahi kumsumbua mtu. Ilikuwa tupu. Chombo tu.

Mambo yalianza kidogo tu. Usiku mmoja wamelala, Nyasani alisikia kama panya kwenye unga. Akazuia pumzi ili asikie vizuri. Hapakuwa na panya. Lakini kando yake palikuwa pamenyamaza. Kabisa. Akamgeukia Gesare. Mdomo wake ulikuwa wazi, kifua hakipandi. Nyasani aliposhtuka akapumua, na Gesare naye akapumua, pamoja, bila kuamka.

Akajaribu tena. Akazuia.

Pumzi ya Gesare ikasimama hapohapo, kama sahani ya gramafoni iliyoguswa na kidole.

Kesho yake alipanda Gesima kwa miguu. Orpah alikuwa anachuma mboga za managu karibu na nyumba. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono haikuacha kuchuma.

"Kwa hivyo alikuuliza," alisema. "Na wewe ulimwambiaje?"

"Nilisema ni wangu."

Mikono ikaacha.

"Ungesema si wako. Sasa amekuachia wewe kile kitu chake."

"Mama, ni mke wangu. Ningesemaje?"

"Hata mimi nilikuwa mke." Orpah alikaa juu ya jiwe. Alionekana mzee zaidi ya ile jioni. "Nikichelewa mtoni, alikuwa anakaa pale nje na ile kodiani. Anaibana. Nikiwa huko mtoni nadondosha mtungi. Watu walisema nina pumu. Yeye naye hiyo nguvu aliipata wapi, kwa nani, sikuwahi kujua. Siku alipokufa nilivuta hewa mpaka majirani wakafikiri nalia."

"Nifanye nini?"

Orpah alivuta kikapu karibu na miguu. Mahali fulani chini kwenye mashamba mtu alikuwa anaita mbuzi.

"Mtu akikasirika anazuia pumzi," alisema. "Umewahi kuangalia? Hata hajui anafanya hivyo." Akainuka na kikapu chake. "Basi wewe usikasirike, mwanangu. Maisha yako yote. Usikasirike."

Akaingia ndani, na Nyasani akasikia komeo.

Alijaribu. Mtu asiseme hakujaribu. Wiki nyingi alikuwa anatembea akipumua kwa kuhesabu, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Alikuwa mpole mpaka Opondo akamwuliza kama ameokoka. Gesare alinenepa. Alianza kuimba tena akipika.

Halafu ikaja siku ya soko Mosocho. Mchana, jua zuri, watu wengi. Nyasani alikuwa ng'ambo ya barabara na mzigo wa majani makavu begani. Akamwona Gesare na beseni lake la ndizi mbivu, na mbele yake amesimama Jethro, gita mgongoni. Jethro alisema kitu. Kitu kidogo tu, labda bei, labda mzaha wa ndizi. Gesare akacheka. Akacheka akafumba macho.

Nyasani akavuta hewa.

Akafunga mdomo.

Kidogo tu, alijiambia. Nione tu kama bado iko.

Kicheko kikakatika. Mkono wa Gesare ukaenda shingoni. Beseni likapinduka, ndizi zikatawanyika, akayumba, na Jethro akaruka, akamdaka kabla hajaanguka. Akamshika kiunoni, kichwa chake kikalala juu ya kifua cha Jethro, na Jethro akawa anamwita jina lake, anamwita, anamwita, na vile vidole viko usoni kwake.

Nyasani aliviona vile vidole.

Akaendelea kuizuia pumzi.